Masale Juu ya Meza za Arusi



Twawaletea mwezi huu habari ya arusi iliyofanyika nyumbani kwetu Tarakea, chini ya Mawenzi, tangu Ijumaa tarehe 27 mpaka Dominika tarehe 29 Desemba, mwaka 2024. Habari yenyewe si ya bibi arusi wala ya bwana arusi, ingawa wote wawili walipendeza, nasi twawaombea heri. Ni habari ya bibi yetu, mama wa baba yetu, mwenye umri wa miaka 85, aliyehudhuria siku zote tatu akiwa amevaa rangi tatu alizoandikiwa na kamati. Na kwa kuwa sisi tulikuwa waandishi wa kamati hiyo, kosa tutakalolisimulia lilitoka katika kalamu yetu wenyewe.

Wenye kukaa Uchagani wajua mwezi wa Desemba ulivyo. Watoto walioko Dar es Salaam, Arusha na Nairobi hurudi mlimani. Mabasi hujaa hata mtu hukosa pa kuweka mguu. Na vihamba vilivyokaa kimya mwaka mzima hufuka moshi tena. Kwa hiyo arusi nyingi huwekwa siku hizo, maana watu wapo bila kuitwa. Tarakea tena ni mji wa mpakani. Shangazi yetu mmoja ameolewa Loitokitok, upande wa Kenya, naye hufika kwetu mapema kuliko ndugu wa Moshi mjini.

Basi vijana wa kamati wakasema ya kwamba arusi ya siku hizi haina budi kuwa na wazo moja linaloishika tangu mwanzo hata mwisho, na rangi za wazo hilo zivaliwe na wote. Wazo likachaguliwa kuwa mlima. Ijumaa, siku ya kumwaga binti, watu wavae kijani, rangi ya migomba na msitu. Jumamosi, siku ya ndoa, wavae zambarau, maana kwetu Rombo jua likitua nyuma ya mlima, mlima huvaa rangi hiyo kwa kitambo kidogo kabla ya giza. Dominika, siku ya shukrani, wavae nyeupe, rangi ya theluji ya Kibo. Lilikuwa wazo zuri, wala hatulikani hata leo. Tukiri tu kwamba katika hiyo nyeupe kulikuwa na ukarimu mwingi, kwa sababu waliopima wasema ya kuwa zaidi ya sehemu nne kwa tano za barafu iliyokuwapo juu ya mlima mwaka 1912 zimekwisha. Bibi alipoonyeshwa kitambaa cheupe alikikunjua, akakitazama, akasema, "Hiki ni kirefu kuliko theluji yenyewe."

Kitenge cha Ijumaa kilikuwa shilingi 25,000, kitambaa cha Jumamosi 40,000, na cha Dominika 20,000. Hizo ni shilingi 85,000 kwa mtu mmoja, kabla fundi hajashika mkasi, na mchango wa arusi u mbali. Mama mwenye shamba la maharage ahesabu mwenyewe ni madebe mangapi. Sisi hatukuhesabu. Tuliandika majina 64 ya ndugu wa kununua vitambaa, na majina 11 ya wazee wa kupewa bure, tukayapeleka kwa simu kwa wanakamati wote. Na katika majina hayo yote 75 hapakuwa na hata moja la nyumba ya chini. Aliuliza mwanakamati mmoja, "Na wale wa chini?" Tukamjibu, "Wale huwa hawaji." Neno hilo lilikuwa kweli. Lakini hatukusema neno la pili, nalo ni kwamba hakuna aliyewaita.

Fundi cherehani alipokuja kumpima Bibi, hakukuwa na shida juu ya kijani. Alipofunuliwa zambarau akashtuka. Bibi ni mtu wa kanisa, naye huijua miaka kwa rangi za kasula za mapadre. "Hii ni rangi ya Kwaresima na Majilio," akasema. "Mwafunga ndoa, au mwafunga tu?" Tulicheka sana, tukamweleza habari ya mlima wakati wa magharibi. Akasema, "Haya, nipimeni," akainua mikono kama mtoto.

Ijumaa ikafika. Hema lilisimamishwa uani, viti vikavishwa vitambaa vya kijani, na wapambaji wakaomba majani mazuri ya kuweka juu ya meza. Mmoja wao, kijana aliyelelewa mjini, alikuwa ameyaona masale, akayapenda kwa urefu wake na kwa rangi yake isiyofifia. Akatuuliza yapatikana wapi. Tukamwambia, "Kateni yale ya kule mpakani, ni mengi." Wakayakata kwa panga, vichwa kwa mashina, wakayafunga kwa utepe wa dhahabu, wakaweka fungu moja juu ya kila meza. Meza zilikuwa 30.

Yafaa tuwaeleze wasomaji wasiokaa huku. Isale ni mmea wenye majani marefu, ambao kwetu si pambo. Hupandwa mpakani mwa vihamba, na makaburini mwa wazee. Tena mtu aliyemkosea mwenzake, akitaka kupatana naye, humwendea na jani la isale mkononi, au humtuma mtu nalo. Na mtu aliyeletewa isale hawezi kumfukuza mwenye kulileta, hata kosa likiwa zito namna gani. Wakristo wengi wa Kilimanjaro wanaishika desturi hii mpaka leo, wala hatujasikia padre akiikataza.

Bibi aliongozwa mezani saa kumi za alasiri, katika nguo yake ya kijani na kilemba chake. Watu wakapiga vigelegele. Akaketi. Akaliona fungu la masale mbele yake. Akageuka, akaona jingine meza ya pili. Akainuka nusu, akazitazama meza zote mpaka mwisho wa hema. Ngoma zilikuwa zikilia, lakini sisi tulioketi karibu tulimsikia vema. Alisema, "Hapa nani anaomba msamaha, na amwomba nani?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja wetu akaanza kusema kwamba ni mapambo tu, Bibi, kwa sababu ya rangi. Bibi akamtazama, wala hakumkemea, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kukemewa. Akachomoa jani moja kutoka katika utepe, akaliweka mapajani, akakaa nalo hata binti alipokwisha kuagwa.

Hapa yatupasa kurudi nyuma. Babu yetu alipotaka kubatizwa, mwaka 1963, alikuwa na wake wawili. Wa kwanza alikuwa ndiye mama wa nyumba tunayoiita ya chini; wa pili ni bibi yetu. Kanisa halimpokei kwenye maji ya ubatizo mtu wa wake wawili mpaka abaki na mmoja, na kwa kawaida mmoja huyo ni wa kwanza. Lakini tangu siku za Papa Pio wa Tano, mwaka 1571, mtu wa namna hiyo aliruhusiwa kubaki na yule aliye tayari kubatizwa pamoja naye. Mke wa kwanza hakuwa tayari. Baba yake mzazi alikuwa mzee wa mila, mgonjwa, naye aliogopa kumhuzunisha. Bibi yetu alikuwa tayari. Basi wakabatizwa, na siku ile ile wakafunga ndoa kanisani. Na yule wa kwanza akapewa kipande cha chini cha kihamba, chenye mawe, akaishi huko na watoto wake watatu.

Sheria za Kanisa zilizotolewa mwaka 1983, katika kifungu cha 1148, zinaagiza wazi kwamba wake walioachwa kwa namna hii wapatiwe mahitaji yao kwa haki na kwa upendo wa Kikristo. Walimu wetu waifundishe sehemu hii pia, maana ile ya kuacha yajulikana na wote. Babu alipeleka chini mahindi na mafuta ya taa alipokumbuka. Alifariki mwaka 1994, na kukumbuka kukafa naye.

Na jambo linalotuaibisha zaidi ni hili. Baba wa yule mama alipokwisha kufa, yeye mwenyewe alikwenda kwa katekista, akajifunza, akabatizwa mwaka 1979. Tangu mwaka huo bibi zetu wawili wamesali katika kanisa moja, mmoja benchi la tatu kushoto, mwingine karibu na mlango. Wakati wa kutakiana amani wote wawili hugeukia jirani zao. Hawakugombana hata siku moja. Walisalimiana mlangoni, wakaulizana habari za magoti na za mvua, kila mmoja akashika njia yake. Sisi wajukuu tulidhani hiyo ndiyo amani.

Sherehe ya Ijumaa ilipokwisha, Bibi akaomba motakaa. Tukadhani amechoka, ataka kwenda kulala. Akasema, "Nipelekeni chini." Twamwita yule mama Bibi wa Chini, yetu ni Bibi wa Juu, na kutoka kwa mmoja hata kwa mwingine hakuzidi mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lakini usiku ule, pamoja na magoti yake, ilibidi tuzunguke kwa barabara.

Tulimkuta jikoni, akichambua maharage kwa mwanga wa taa ya sola, na mjukuu wake mmoja karibu naye. Tukaamkia, akaitikia. Alimtazama Bibi toka kilemba hata viatu, kijani kitupu, lakini hakusema kitu. Bibi alisimama katikati ya jiko, ameshika lile jani kwa mikono yote miwili, akasema, "Dada, nimekuja."

Bibi wa Chini hakulipokea. Akaendelea na maharage yake kidogo. Kisha akauliza, "Limekatwa wapi?"

Bibi akasema, "Nimelikuta mezani." Akatugeukia sisi. Hatukuwa na pa kukimbilia. Tukasema, "Mpakani, Bibi."

"Mpakani," akasema Bibi wa Chini. "Basi mmeniletea isale la mpaka wangu mwenyewe."

Wasomaji, tumepata aibu nyingine maishani, lakini ile ya jikoni usiku ule hatujaipata mfano wake. Twasadiki mtu mwingine angalijitetea, akawatupia lawama vijana na wapambaji. Bibi hakufanya hivyo. Alisema, "Basi ni makosa mawili. Mimi nilikuja kwa moja."

"Lile moja ni lipi?"

Bibi akaketi juu ya kigoda bila kukaribishwa, kwa kuwa magoti yalimshinda, akaanza kusema. Hakusema habari ya pete, wala ya ubatizo, wala ya Babu. Alisema habari ya ng'ombe. Siku mke wa kwanza alipohamishiwa chini, ng'ombe wake wa maziwa, ambaye baba yake alimpa, alibaki zizini juu. Wanaume wakasema atapelekwa kesho, na ile kesho haikufika. "Nilijua ni wako," akasema Bibi. "Nilimkamua kila asubuhi. Nilikunywa maziwa yake miaka sita, nikawanywesha watoto wangu, na wako walikuwa wakipita njiani kwenda shule."

"Saba," akasema Bibi wa Chini.

"Saba," akasema Bibi.

Kisha wakanyamaza muda mrefu. Sisi tulitamani kutoka nje, lakini hatukujua kama ni adabu. Mwisho Bibi wa Chini akafuta mikono katika kanga, akalipokea jani, akaamka polepole, akalichomeka katika ufa wa ukuta juu ya mlango. Akasema, "Isale halikataliwi. Wala halina haraka." Bibi akamwambia kwamba kesho ni ndoa, na kesho kutwa ni shukrani, naye aja akitaka. Hakuitikia ndiyo wala hapana. Alimfungia maharage kidogo katika kikapu, tukaondoka.

Jumamosi tutaipita upesi, kwa sababu arusi zote hufanana mahali hapo. Misa ilianza saa nne na nusu badala ya saa nne. Viapo vilisikika vizuri. Matarumbeta yakawasindikiza maarusi hata hemani, zambarau mbele, zambarau nyuma, na wakwe zetu wa Useri katika rangi ya dhahabu. Ndafu aliletwa, mbuzi mzima aliyebanikwa vizuri, na majani mdomoni, naye alichezewa na wapishi kuliko keki. Mbege ilikuwapo kwa wazee, imepikwa kwa ndizi na ulezi kama ipasavyo. Jambo moja tu tulilitazama sisi: kiti kilichokuwa karibu na Bibi. Bibi aliweka mkoba wake juu yake. Msema chochote wa shughuli alikuja mara mbili kukiomba kwa ajili ya wageni waliosimama, na mara mbili Bibi akamwambia, "Kina mwenyewe." Kilikaa vile mpaka saa nne za usiku. Masale yalikuwa yameondolewa mezani asubuhi na mapema. Tuliyatia katika ndoo za maji nyuma ya jiko.

Dominika ile ilikuwa sikukuu ya Familia Takatifu. Tena ilikuwa siku ambayo makanisa makuu ya majimbo yote duniani, na la kwetu la Kristo Mfalme, Moshi, miongoni mwao, yaliagizwa kuanza mwaka wa Jubilei. Kwa maana Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki baadaye tarehe 21 Aprili 2025, alikuwa amefungua Mlango Mtakatifu wa Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma usiku wa tarehe 24 Desemba. Padre alihubiri juu ya mlango huo. Sisi wa ukoo tulijaza mabenchi manane, weupe kama kuku wa kizungu, na hatukusikia mahubiri vizuri, kwa sababu Bibi alikuwa akigeuka nyuma kila mara.

Bibi wa Chini alikuwa mahali pake, karibu na mlango, katika kanga yake ya hudhurungi. Wakati wa kutakiana amani, Bibi aliinuka kutoka benchi la tatu. Kanisa letu si kubwa, lakini kwa magoti yale ulikuwa mwendo mrefu, na wanakwaya walirudia wimbo mara mbili ili asikute Mwanakondoo wa Mungu akiwa njiani. Waliposhikana mikono hatukuona sura zao, kwa kuwa watu walikuwa wamesimama.

Baada ya Misa akaja nyumbani kwa miguu, pamoja na mjukuu wake, akaketi karibu na Bibi, akala. Ilipofika saa ya picha ya ukoo, mpiga picha akatupanga ngazi kwa ngazi, wazee mbele. Alikuwa kijana mwenye bidii na kazi yake. Aliitazama ile kanga ya hudhurungi katikati ya nyeupe yote, akaja kwa heshima, akainama, akasema, "Shikamoo Bibi. Samahani, labda ungekaa huku pembeni kidogo, rangi haziendani. Wazo lenyewe ni mlima."

Tuliona Bibi wetu akifungua kinywa. Lakini Bibi wa Chini alimtangulia. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Hii ni rangi ya udongo. Huo mlima wenu umesimama juu ya nini?"

Picha ilipigwa hivyo, naye yuko katikati. Tumeitundika sebuleni.

Habari ya ng'ombe haijaisha. Baba zetu na wana wa nyumba ya chini wamekaa mara mbili kuizungumza, maana ng'ombe wa mwaka 1963 huzaa sana katika hesabu za watu, na kila mzee ana hesabu yake. Hatutaiandika mpaka iishe.

Lakini Jumatatu, tarehe 30, wageni walipoanza kuondoka, Bibi alitutoa sisi wajukuu wote, wa juu na wa chini, tuyapande upya masale yaliyokatwa. Isale halina shida. Ukichomeka shina lake katika udongo wenye unyevu lashika mizizi, na mvua za vuli zilikuwa bado hazijakauka ardhini. Utepe wa dhahabu ulikuwa ungali umeshika mengine, tukaufungua. Bibi wetu aliwekewa kiti upande wa juu, na Bibi wa Chini akasimama na fimbo yake kutuonyesha mstari ulipokuwa ukipita siku za Babu, maana yeye peke yake aliukumbuka vizuri. Alitembea polepole, akigusa ardhi kwa fimbo, nasi nyuma yake tukichimba. Karibu na jiwe kubwa fimbo ikapinda, ikaingia hatua moja nzima ndani ya migomba yetu, ikaenda hivyo mpaka mwisho.

Tukasimama na majembe, tukamtazama Bibi. Wingu lilikuwa limeondoka, naye alikuwa akiitazama Mawenzi.

Tukachimba pale fimbo ilipogusa.